Fonti Nene Zilizobanwa: Mambo Yote Unafaa Kujua Kabla Upeleke Bango Lako Kwa Printa

Simama stage ya Homa Bay Town dakika tano tu. Usinunue kitu, usiongee na makanga, soma tu. Kuna mathree ya Kisumu, ingine ya Mbita, kibanda cha M-Pesa, bango la krusedi ya weekend, bango la matanga limefungwa kwa mti, na mwanasiasa mmoja bado anakuchekea kwa ukuta tangu kampeni za 2022. Rangi ni tofauti, maneno ni tofauti, lakini angalia herufi. Ni familia moja. Ndefu, nene, zimesongamana kama abiria wa Probox ya kuenda Ndhiwa.

Hizo ndizo fonti nene zilizobanwa. Kama wewe ni msee wa kudizaini kwa simu, kama uko na cyber Migori ama Rongo, ama kama una plan ya kushika kazi za kampeni 2027, hii ni article ya kuweka. Tutaangalia ni nini, zilitoka wapi, zinafanya kazi wapi, na mahali zinaweza kukuharibia jina na kumpotezea mtu pesa.

Ni nini hasa?

Hebu tuanze na vitu tatu.

Ya kwanza, hazina mikia. Fungua gazeti ama Biblia uangalie herufi kama T ama I. Utaona vimikia vidogo kwa ncha. Hivyo vimikia vinaitwa serifu. Fonti isiyo na hivyo inaitwa sanserifu. Arial ni sanserifu. Times New Roman iko na serifu.

Ya pili, ni nene. Mistari inayounda herufi imejaa wino, kwa hivyo inaonekana kutoka mbali hata kama nyuma kuna picha yenye fujo.

Ya tatu, zimebanwa. Upana wa herufi ni mdogo ukilinganisha na urefu wake. O ya kawaida inakaa kama chungwa. O ya fonti iliyobanwa inakaa kama chupa ya soda.

Sasa changanya hizo tatu. Mistari mnene ikiingia ndani ya herufi nyembamba, kitu lazima kipungue, na kile hupungua ni uwazi wa ndani. Lile tundu la A, la O, la B, la 8, linabaki ufa tu. Shika hiyo point, kwa sababu huko mbele ndiyo itatuletea shida yote.

Kwa fonti nyingi za aina hii, herufi ndogo pia zinarefushwa. Ile sehemu ya h, b ama d inayopanda juu inafupishwa, na mguu wa g na p unafupishwa zaidi. Matokeo ni mistari inaweza kukaliana karibu sana, moja juu ya ingine, kama matofali. Ndiyo maana neno likiandikwa nazo linaonekana ni ukuta mmoja.

Zilitoka wapi?

Zilikuwa kabla ya Photoshop, kabla hata ya umeme. Mwaka wa 1816 kule London, kiwanda cha William Caslon wa nne kilitoa herufi za kwanza za chapa zisizo na serifu, na zilikuwa kubwa tupu, hakuna ndogo. Hapo ndipo mambo yakaanza.

Shida ya herufi kubwa za risasi ilikuwa uzito na gharama. Bango la ukutani linataka herufi kubwa kama kiganja, na kumwaga risasi ya size hiyo si mchezo. Mmarekani Darius Wells akaanza kutengeneza herufi za mbao New York mwaka wa 1827. Mbao ni nyepesi, ni rahisi, na unaweza kuichonga shape yoyote: pana, nyembamba, nene. Mabango ya sarakasi, ya mnada na ya maonyesho yakajaa mitaa ya Marekani na Uingereza.

Na kwa nini waliibana? Sababu ni ile ile ya stage ya Homa Bay. Karatasi ina upana wake na huwezi kuiongeza. Kama unataka jina refu likae mstari mmoja na bado liwe refu kwenda juu, huna option ila kupunguza upana wa kila herufi.

Mwaka wa 1903 Morris Fuller Benton alichora Alternate Gothic kwa kampuni ya American Type Founders. Hiyo ni babu wa nyingi unazoona kwa simu yako leo. Hata logo ya zamani ya YouTube ilitoka kwa ukoo huo.

Impact: unaijua hata kama hujui unaijua

Kama ushawahi ku-forward meme ya maandishi meupe yenye mpaka mweusi, juu mstari mmoja na chini mstari mwingine, umeshakutana na Impact.

Ilichorwa na Muingereza Geoffrey Lee, msee wa matangazo, na ikatolewa mwaka wa 1965 na Stephenson Blake, kiwanda cha herufi cha Sheffield. Ilitoka kama herufi za chuma, wakati chuma chenyewe kilikuwa kinaelekea kuisha. Ingekuwa imesahaulika kitambo. Lakini Microsoft waliiweka kwa kifurushi chao cha fonti za mtandao kilichoanza 1996, na ikaingia kwa kompyuta za Windows dunia nzima. Cyber ya Oyugis, ofisi ya chifu, shule ya upili Awendo: ukifungua Word, Impact iko hapo inakungoja bila kulipa kitu.

Wenye meme waliichagua kwa sababu mbili. Kila mtu alikuwa nayo tayari, na ukiiweka rangi nyeupe na mpaka mweusi inasomeka juu ya picha yoyote. Sababu hizo mbili ndizo zimeifanya iwe kwa mabango mengi ya huku pia. Haikuchaguliwa kwa sababu ni sweet kuliko zote. Ilikuwa karibu.

Kwa nini huku zinashika: piga hesabu na mimi

Chukua jina KARACHUONYO. Herufi 11. Unataka likae mstari mmoja kwa karatasi ya A3, ambayo ni milimita 297 kwa upana. Acha milimita 15 kila upande ili printa isikate. Umebaki na 267.

Ukitumia Arial nene, herufi kubwa tupu, jina litajaa huo mstari likiwa na urefu wa karibu sentimita 2.4. Ukitumia Impact, jina hilo hilo, mstari huo huo, linafika karibu sentimita 3.5. Ukitumia nyembamba zaidi kama Bebas Neue, unapita sentimita 4.

Wino ni ule ule na karatasi ni ile ile, lakini jina limekua karibu mara mbili kwenda juu.

Sasa weka kanuni ya wachoraji wa mabango: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinasomeka vizuri kutoka karibu mita 3. Bango la Arial litasomwa vizuri na mtu amesimama mbele yake. La fonti iliyobanwa litasomwa na mtu anapita upande ule mwingine wa kijia.

Na majina ya kwetu ni marefu, tusidanganyane. Kabondo Kasipul. Rachuonyo. Homa Bay Town. Kuria Mashariki. Halafu weka jina la mtu la kwanza, la baba, la kupanga, na cheo mbele. Ndiyo maana dizaina wa huku anakimbilia fonti zilizobanwa hata kama hajawahi kusikia jina la hiyo style.

Lakini usikimbie sana. Hiyo kanuni inaongea juu ya urefu tu. Herufi zikibanwa kupita kiasi zinashikana, na msomaji anaona mistari ya kusimama tu, kama ua la miti. Kutoka mbali urefu unasaidia, lakini nafasi kati ya herufi inasaidia pia. Ongeza hiyo nafasi kidogo, jina lipumue.

Zinakubali wapi, zinakataa wapi?

Mabango ya kampeni. Hapa ndipo nyumbani kwao. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na kila mpiga kura anapata karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA. Homa Bay iko na wadi 40. Migori iko na wadi 40. Fikiria wagombea wa MCA pekee, kila mmoja anataka uso wake kwa kila ukuta. Bango la kampeni linahitaji vitu vinne tu: uso, jina, kiti, na alama ya chama. Jina kwa fonti nene iliyobanwa, vingine kwa fonti ya kawaida. Ukiandika kila kitu kwa fonti hiyo hiyo, hakuna kitu kinasikika, kwa sababu wote wanapiga kelele.

Mechi na show. Poa sana. Bango la fainali ya mtaani, bango la msanii anakuja club, bango la mechi ya Gor Mahia watu wataangalia kwa screen. Hapa kelele inaruhusiwa. Tarehe na mahali ziwe kubwa pia, si jina la DJ pekee.

Mathree. Tangu sheria za Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004, matatu lazima iwe na mstari wa manjano na maelezo ya ruti. Huo mstari ni mrefu na ni mwembamba kwenda juu. Sikia vizuri: mahali pafupi kwenda juu na parefu kwa upande, fonti iliyobanwa haikusaidii sana. Neno fupi kama MBITA kwa fonti iliyobanwa litaonekana limepotea katikati. Hapo weka herufi pana. Iliyobanwa iweke pale jina la SACCO ni refu na ruti ni ndefu na vyote vinataka kukaa pamoja.

Boti. Hii nayo ni hivyo hivyo. Ubao wa boti ya omena ni mrefu na mfupi kwenda juu. Jina la boti na namba yake ya usajili vinasomwa kutoka boti nyingine, maji yakicheza, jua likipiga machoni. Tumia herufi pana zilizo wazi. Siku ya shida ziwani, watu watakuwa wanatafuta kusoma hiyo namba kutoka mbali, na hapo si mahali pa style.

Kwa hivyo sheria ni moja: pima nafasi kabla uchague fonti. Nafasi nyembamba na ndefu kwenda juu, kama mlango wa kibanda ama nguzo, bana. Nafasi ndefu kwa upande, panua.

Bango la barabarani. Boda ikienda kilomita 50 kwa saa inamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akianza kuona bango lako akiwa mita 30, ako na sekunde mbili hivi kabla alipite. Kwa kanuni ile ile, herufi za kusomeka mita 30 zinataka urefu wa sentimita 25. Na kwa sekunde mbili mtu anashika maneno manne, matano. Kama bango lako la "Tunauza mbolea, mbegu, dawa za mifugo, chakula cha kuku, na tunatoa ushauri bure" limejazwa kwa fonti iliyobanwa ndiyo yote yakae, hakuna mtu amesoma kitu. Andika MBOLEA NA MBEGU. Ile ingine watauliza wakifika.

Bango la matanga: hapa nenda polepole

Hii section isome mara mbili.

Unapigiwa simu saa mbili usiku. Familia imempoteza mzee. Wanataka bango la kuweka kwa gate, ingine kwa gari la kubeba mwili, na picha ya kutuma kwa WhatsApp za ukoo ndiyo michango ianze. Wametuma picha moja ya kitambulisho, haina mwangaza, na jina limeandikwa kwa haraka. Unafungua simu, unachukua ile template yako ya krusedi, unabadilisha picha, unatuma. Saa tatu umelipwa.

Kuna makosa matatu hapo, na mawili kati yao yanatoka kwa fonti.

La kwanza ni sauti. Fonti nene iliyobanwa inaongea kwa nguvu. Kwa show ni sawa. Kwa jaduong' aliyelala, jina lake kubwa kwa mstari mmoja linaweza kukaa vizuri na kwa heshima, kwa sababu watu wanatafuta gate ya nani. Lakini maneno mengine yote, majina ya wajane, watoto, wakwe na wajukuu, yaweke kwa fonti ya kawaida, nyembamba kidogo, yenye nafasi. Familia itasoma hayo majina moja moja. Kila mtu anatafuta lake. Ukiyabana, shangazi hataliona jina lake, na hiyo kesi haitaisha siku ya mazishi.

La pili ni namba ya michango, na hii ndiyo noma kabisa. Kumbuka nilikuambia tundu la ndani linabaki ufa. Sasa andika 3, 6, 8, 9 na 0 kwa fonti nene iliyobanwa, ipunguze iingie kwa picha ya WhatsApp, halafu WhatsApp nayo ibane hiyo picha. Zile nyufa zinajaa. 6 inakuwa 8. 3 inakuwa 8. 0 inakuwa 8. Binamu ako Nairobi, ingine ako Dubai amemaliza shift, wanasoma namba kwa screen yenye ufa, wanatuma. Pesa ya jeneza inaenda kwa simu ya mtu hamjui. Kuirudisha kunawezekana wakati mwingine, lakini ni simu nyingi na ni kuomba, na mazishi ni Ijumaa.

Namba yoyote ya pesa, till, paybill ama simu, isiandikwe kwa fonti iliyobanwa. Tumia sanserifu ya kawaida, iliyo wazi. Gawanya tarakimu kwa makundi ya tatu tatu. Na weka jina linalotokea mtu akituma, ndiyo anayetuma ahakikishe kabla abonyeze. Halafu tuma hiyo namba tena kama maandishi chini ya picha, mtu a-copy tu, asikisie.

La tatu ni jina lenyewe. Piga simu, muulize mtu wa familia akusomee herufi moja moja. Usikisie. Bango la mtama unaweza kurudia. Bango la mazishi linapigwa picha, na hiyo picha inakaa kwa sitting room miaka 30.

Ile alama ndogo ya ng'

Sisi watu wa huku tuna sauti moja inayosumbua fonti. Kwa Kiswahili iko kwa ng'ombe. Kwa Dholuo iko kwa jaduong' na kwa majina mengi ya watu. Kuna pia ile ya majina kama Luanda K'Otieno, kule feri ya Mbita inafika.

Kwa fonti iliyobanwa hiyo alama inakuwa kidoti kidogo kimebanwa kati ya kuta mbili. Mambo matatu hutokea. Inapotea ukipunguza size. Inabadilishwa na alama isiyo yake, ile ya kuinamia upande mwingine. Ama fonti yenyewe haina hiyo alama, basi programu inaazima kutoka fonti nyingine, na unaona kitu kigeni katikati ya jina.

Sio kitu kidogo. Ng na ng' kwa Dholuo ni sauti mbili. Ukitoa alama umebadilisha jina la mtu. Kabla ununue au udownload fonti yoyote, andika hii kwanza: JADUONG' K'OTIENO NG'OMBE. Ikikubali, endelea. Kisha ongeza nafasi kidogo upande wa kulia wa alama, ndiyo ionekane.

Jaribu pia RANGWE na OYUGIS. Kwa fonti zingine mbaya, G inakaa kama C. Ukisoma RANCWE kutoka mbali, tupa hiyo fonti.

Tano za kuweka kwa simu ama laptop

Impact. Iko kwa Windows na Mac tayari. Ni nene sana, tundu ni dogo sana. Nzuri kwa neno moja ama mawili makubwa. Kwa simu za Android haiko, na zile copy zinazozunguka kwa site za bure hujui zimetoka wapi.

Anton. Ya Vernon Adams, Muingereza. Alichukua herufi za zamani za matangazo, akazichora upya kwa screen, na akafungua tundu za ndani kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo tofauti. Kama umezoea Impact, Anton itakukaa bila shida, na inasomeka vizuri zaidi ikipunguzwa.

Oswald. Pia ni ya Adams. Hii ina uzito tofauti tofauti, kutoka nyembamba hadi nene. Ukitaka bango zima liwe na fonti moja, hii inakubeba: nene kwa jina, nyepesi kwa maelezo.

Bebas Neue. Ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa. Iko na herufi kubwa tupu. Ni safi, haina kelele nyingi, na inakaa poa kwa bango la matanga kuliko Impact. Usijaribu kuandika paragrafu nayo.

League Gothic. Ilitoka 2009, na ni ile Alternate Gothic ya 1903 imeamshwa tena. Imebanwa sana. Nzuri kwa jina refu kabisa ambalo limekataa kuingia kwingine.

Nne za mwisho ziko Google Fonts, na leseni yake ni ya wazi. Maana yake unaweza kuzitumia kwa kazi ya kulipwa bila kumlipa mtu yeyote. Impact unaweza kuitumia kwa bango ukiwa na kompyuta yenye leseni, lakini faili yenyewe si yako ya kugawa.

Kitu kimoja tafadhali: usichukue Arial ukaivuta kwa mouse ndiyo iwe nyembamba. Ukiibana hivyo, mistari ya kusimama inakuwa myembamba na ya kulala inabaki minene. Herufi inaonekana imekanyagwa na lori la miwa la Awendo. Fonti iliyobanwa kweli ilichorwa hivyo tangu mwanzo, mistari yake imepimwa.

Kabla utume kwa printa

Moja: geuza maandishi yawe michoro. Usipofanya hivyo na printa hana fonti yako, mashine itaweka fonti yake, na jina lililokuwa linaingia sasa linakatwa katikati. Hiyo inatokea kila siku.

Mbili: tuma kama PDF, na kwa WhatsApp tuma kama document, si kama picha.

Tatu: acha ukingo. Wenye mabango ya plastiki hukunja pembe na kuweka matundu ya kamba. Kama jina limegusa ukingo, kamba inapita kwa herufi ya kwanza.

Nne: rangi. Nyeupe juu ya njano haisomeki, hata kama herufi ni nene kama ukuta. Nyeusi juu ya njano inasomeka sana. Nyeupe juu ya buluu nzito, sawa. Nyekundu juu ya nyeusi, achana nayo.

Tano: weka simu kwa meza, rudi nyuma hatua kumi, jaribu kusoma. Kisha mpe dani nyumbani asome bila miwani. Akisema jina vizuri, umepita mtihani.

Usimsahau fundi wa brashi

Kabla ya printa kuingia, hizi herufi zilikuwa zinachorwa kwa mkono, na bado zinachorwa. Fundi anapiga mistari miwili kwa chaki, anagawanya nafasi kwa idadi ya herufi, anachora kwa penseli, kisha brashi bapa inapita. Ukimwangalia utaona anabana herufi kila jina likiwa refu na ukuta ukiwa mdogo. Hakuna mtu alimfundisha habari ya 1816. Mlango wa kibanda ndio ulimfundisha.

Na ako na kitu programu yako haina: jicho. Anajua A na V zikikaa jirani zinaacha pengo, kwa hivyo anazisogeza. Anajua O lazima ipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo inaonekana fupi. Simu yako inafanya hesabu tu, haioni. Ukikutana na fundi kama huyo, kaa chini saa moja, mnunulie chai, uangalie mkono wake. Rangi ya ukuta pia haipasuki na upepo wa ziwa kama plastiki, na kwa duka la kudumu bado ni deal poa.

Ya mwisho

Bango ni sauti ya mtu ambaye hayuko hapo. Mgombea yuko rally ingine, mzee amelala, mwenye duka yuko ndani anahesabu stock. Wewe ndiye umeachiwa waongee kupitia kwako. Kwa hivyo jina liandike kwa nguvu, namba iandike wazi, na ile alama ya ng' iweke mahali pake.

Sasa chukua lile bango la mwisho ulidizaini, lifungue, uangalie ile 8 ya namba ya simu. Una uhakika ni 8?